Zamu Yangu ya Mtandao

Asubuhi ile niliondoka nyumbani bila kujua naenda wapi. Ndivyo nilivyozoea. Shule niliiacha mapema, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kwenda kuona. Nimekata mkonge, nimewinga ndege kwenye mashamba ya mpunga, nimebeba saruji kwa mafundi wa minara ya simu kwa sababu tu nilitaka kujua kule juu ya mnara kuna nini. Kilikuwa kiangazi, mahindi yamekwisha kuvunwa, vumbi la njia limelainika kama unga. Nilivaa begi langu la kijani, nikamwambia Mama nitarudi nitakaporudi, nikashika njia ya kuteremka kutoka kijijini kwetu, juu ya Gonja, kuelekea Maore.

Sikufika. Kitu kinachofuata ninachokikumbuka ni harufu ya tope na ladha ya damu. Nilikuwa nimelala kando ya mfereji, kiatu kimoja hakipo, na watu wamesimama mbali wakiniangalia. Mama mmoja peke yake ndiye aliyekuwa karibu. Alikuwa amenikunjia kanga chini ya kichwa. Nilimuuliza nini kimetokea, ulimi ukakataa. Nilikuwa nimeung'ata.

Naandika haya sasa kwa sababu sehemu mbaya imepita, na kwa sababu nilipokuwa katikati yake nilitafuta mtu wa kunieleza mambo huwaje, nisimpate. Mambo ya mishipa na ubongo yana wenyewe. Mimi nitasema yaliyonipata.

Kaka yangu Naftali alikuja kunichukua kwa pikipiki. Alinifunga mgongoni kwake kwa shuka, kama mtoto, tukapanda hivyo hadi nyumbani. Naftali ni mkubwa kwangu kwa miaka mingi. Baba alipofariki yeye ndiye aliyebaki na shamba la tangawizi, na Mama, na mimi. Ana kibanda cha kuonyesha mpira na kuchajia simu pale njia panda, na hajawahi kulala nje ya kijiji ila kwa msiba.

Nilianguka tena kabla ya mvua za vuli, halafu tena. Mara moja nilianguka jikoni, mkono ukaingia kwenye majivu ya moto. Kovu ninalo hadi leo. Jino la mbele lilikatika ncha. Bega lilianza kutoka mahali pake, na kila nilipoamka misuli iliuma kama nimelima siku nzima, ilhali sikumbuki lolote. Hilo ndilo lilikuwa gumu kwangu kuliko maumivu. Mimi ni mtu wa kutaka kujua, na hapa kulikuwa na kitu kinachotokea kwenye mwili wangu mwenyewe, watu wote wamekiona isipokuwa mimi.

Nyumbani mambo yalibadilika kimyakimya. Mama alinihamishia kikombe changu kwenye rafu ya chini ili nisipande juu ya kigoda. Nikakatazwa moto. Nikakatazwa maji, hata mto wa kuruka kwa hatua moja. Shangazi alileta watu wa maombi, wakaniwekea mikono, nami nikanyamaza kwa heshima. Wapo waliodhani povu la mtu wa kifafa linaambukiza, wakaacha kunipa mkono kanisani. Naftali alichukua begi langu la kijani akalitundika chumbani kwake, kwenye msumari juu ya kitanda chake. Hakunifokea. Alisema tu kwamba mpaka tujue hiki ni kitu gani, siendi popote peke yangu.

Kliniki ilikuwa Same mjini. Tulikuwa tukiondoka alfajiri, tunafika jua limeshawaka, tunakaa kwenye benchi refu la mbao lililong'arishwa na makalio ya watu. Ukikaa pale unajifunza mengi. Mtu akiuliza unaumwa nini, ukamjibu, utaona benchi linavyokuwa pana. Mara ya kwanza dada mmoja alimhamisha mwanawe upande wa pili wake, polepole, akijifanya anamtengeneza kofia. Simlaumu. Siku nyingine mzee wa Kimaasai kutoka tambarare aliniuliza, nikamwambia, akatikisa kichwa kwa huruma, kisha akasinzia akaniegemea bega, bega lile lile bovu. Liliuma. Sikumwamsha. Ulikuwa muda mrefu sijaguswa na mtu nisiyemfahamu.

Nilipewa vidonge. Vilinilaza mchana, vikaninenepesha, vikanifanya nisahau majina ya watu, na bado nilianguka. Tena asubuhi nilianza kupata mishtuko midogo mikononi, kikombe kinaruka chenyewe chai inamwagika. Nilimwambia daktari wa kliniki. Akasema bila kipimo cha muda mrefu anabahatisha, na kwamba hataki kubahatisha na kichwa cha mtu. Nilimpenda kwa maneno hayo.

Hapo ndipo alipoingia Nakundwa, fundi wa vipimo, binti mchangamfu wa Kipare mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya. Alikuwa na mashine ndogo ya kuvaa kiunoni, yenye nyaya zinazogandishwa kichwani, na kompyuta yenye kamera ya kunirekodi. Kliniki haikuwa na kitanda cha kunilaza siku nyingi kunisubiri nianguke, kwa hiyo alipanda mwenyewe hadi kwetu, akaninyoa, akanigandisha nyaya, akanifunga kitambaa kichwani, akaweka kamera juu ya kabati. Mashine ingeandika mawimbi ya ubongo usiku na mchana, na kamera ingeona mwili unafanya nini wakati huohuo. Daktari bingwa wa kuyasoma alikuwa Dar es Salaam.

Gundi iliwasha. Shingo ilikaza. Watoto wa jirani waliniita Antena. Mama alidhani daktari yuko nyuma ya kamera muda wote, basi kila akiingia na uji aliigeukia kwanza, akaisalimu, "Habari za asubuhi, daktari," ndipo anipe kikombe. Nilimweleza mara nyingi. Alisema hata kama hayupo, akija kuangalia atakuta amesalimiwa.

Nilianguka. Safari hii nilianguka mbele ya kamera, asubuhi, nikiwa nimeketi navaa viatu. Nilipopata fahamu Naftali alikuwa amenigeuza ubavu, na kitu cha kwanza nilichouliza ni kama taa ya mashine inawaka. Ilikuwa inawaka. Alicheka, kicheko cha ghafla kilichomtoka bila kutaka, kisha akatoka nje akakaa muda mrefu.

Nilimpigia Nakundwa. Alifurahi, akasema tuteremshe kompyuta Same upesi, kwa maana daktari bingwa husoma mafaili ya kliniki yetu Jumanne, kisha anasafiri masomoni miezi mingi, na mwenye kushika nafasi yake hajulikani. Lakini yalikuwa masika. Mvua ya wiki ile ilikuwa imeshusha kipande cha mlima juu ya barabara, na mawe yenye ukubwa wa ng'ombe. Pikipiki haipiti, na njia ya miguu nayo imechukuliwa pamoja na migomba yake. Basi Nakundwa akasema, "Itabidi utume kwa mtandao kutoka hukohuko, kaka Eli. Utaweza?"

Nikasema nitaweza. Akaniuliza itachukua muda gani, ili amwambie daktari asubiri au asisubiri.

Nikapima kama tunavyopima sisi watu wa milimani. Nilishusha video ya mahubiri ya Mama kwenye simu, nikaona imeshuka haraka. Nikatazama tarakimu za kasi zilizoandikwa pale, nikaona nane. Nakundwa alikuwa ameshanichagulia saa za kutuma, kuanguka kwenyewe, zile za kabla yake na usingizi wa usiku uliotangulia, jumla gigabaiti tatu. Nikagawa. Nikamwambia saa moja ni nyingi.

Kosa hilo, nadhani, lingeweza kufanywa na mtu wa kwetu tu. Mgeni akituuliza Maore ni mbali, tunamjibu hapo tu, kwa sababu tunakumbuka tulivyoteremka. Hatumwambii kuhusu kupanda. Mtandao nao una mteremko na mlima. Vitu vinavyokuja kwako huteremka, na vile unavyotuma hupanda, kwa mzigo, kwa miguu. Kasi yangu ya kutuma haikuwa nane. Ilikuwa moja. Tena Nakundwa akanionyesha kosa la pili. Ile kasi huhesabiwa kwa kipimo kidogo na faili kwa kipimo kikubwa, mara nane ya kile, kama mtu anayechota mahindi kwa sado huku gunia limeandikwa kwa debe. Tukahesabu upya kwa simu, yeye kule, mimi huku nikichora kwa mkaa ukutani. Saa saba kasoro kidogo, iwapo kijiji kizima hakuna anayegusa mtandao.

Lakini kijiji kizima kinagusa. Nilianza kutuma Ijumaa. Kompyuta iliniambia dakika arobaini, kisha saa tisa, kisha siku mbili, kisha tena saa tatu, kama mlevi anayeelekeza njia. Jioni mtandao ulikatika, na faili lote likarudi mwanzo. Nikaanza tena, likakatika tena. Jumamosi Wasabato wakiwa ibadani kasi ilipanda. Walipotoka ikashuka. Jumapili nikasubiri Walutheri wenzangu wakiwa kanisani, nikaona imepanda tena. Ilienda vizuri mpaka baraka ya mwisho, halafu watu wakamiminika uani wakafungua simu zao, na mstari ule wa kijani ukasimama palepale. Mtu mzima nilikaa nikalia, nyaya bado kichwani.

Nakundwa alinifundisha kulikata faili vipande kumi na viwili, ili kikikatika kimoja visipotee vyote. Hiyo ilikuwa nafuu kubwa. Kwa hesabu yetu kila kipande kingehitaji zaidi kidogo ya nusu saa, kama njia ni nyeupe. Siku iliyobaki ilikuwa Jumatatu.

Jumatatu hiyo kulikuwa na msaragambo, kazi yetu ya pamoja, kila nyumba inatoa mtu mwenye jembe kuondoa udongo barabarani. Niliwafuata nikiwa na kitambaa changu kichwani, nikakaa kwenye jiwe. Sikuwa na mpango. Nilikwenda kwa sababu nyumbani kuta zilinichosha. Aliyesimamia kazi alikuwa Mzee Senkondo, msimamizi wa ndiva yetu. Ndiva ni bwawa la udongo walilochimba wazee juu ya kijiji. Kijito chembamba huingia humo usiku kucha, na asubuhi linafunguliwa kwa zamu, leo mashamba haya, kesho yale. Mzee Senkondo ana filimbi shingoni. Ikilia, kila mtu anajua kuna aliyefungua mfereji nje ya zamu. Hapendwi sana.

Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza kichwa kimefikia wapi. Nikamweleza yote, mnara, mstari wa kijani, watu wanaotoka ibadani. Alisikiliza akiegemea mpini.

"Kwa hiyo maji yapo," akasema.

Nikasema yapo.

"Na kila mtu anachota saa anayotaka."

Nikasema ndivyo.

Alitema mate pembeni. "Huo si ugawaji, huo ni wizi. Na wewe umekaa unalia tu. Kwa nini hukuomba zamu?"

Akapuliza filimbi. Watu wakasimamisha majembe, wakatazamana kila mmoja akidhani mwenzake ameiba maji. Aliwatangazia kwamba kuanzia saa ile mpaka alasiri zamu ya mtandao ni ya Eli, mwana wa marehemu Mbwambo. Simu za kuongea ruksa, data marufuku. Atakayefungua atapewa adhabu ileile ya mwizi wa maji, siku moja ya kusafisha tope ndani ya ndiva. Kuna aliyeuliza atamjuaje. Mzee akasema mwizi wa maji hajawahi kumjua kwa kumwona, humjua kwa mfereji kupungua. Habari ikapelekwa shuleni, mashineni na kwenye maduka kwa miguu na kwa kupiga simu.

Sasa, mahali ambapo mnara unaonekana wazi, hakuna tawi wala paa la kuuzuia, ni kwenye tuta la ndiva. Yaani ukingoni mwa maji, mahali pa kwanza kabisa nilipokatazwa. Mama aliposikia alikaa chini. Hakubishana. Alimtazama Naftali.

Naftali alifunga kibanda chake. Siku hiyo kulikuwa na mechi ya marudio ambayo vijana walikuwa wameshaanza kutaniana juu yake tangu asubuhi, akawafukuza wote. Akabeba betri ya sola ya kibandani begani, akapanda nayo hadi tuta la ndiva, akaunganisha kompyuta. Kisha akakaa upande wa maji na kuniweka mimi upande wa shamba, yeye katikati. Ndivyo tulivyokaa.

Kipande cha kwanza kilikwenda. Cha pili, cha tatu. Mstari ulitembea taratibu bila kuyumba, na ukungu ulikuwa umeinuka, tambarare yote ya Maore ikaonekana kijani kwa mpunga. Mzee Senkondo alikuwa nyuma yetu, anauangalia mstari kama anavyoangalia mfereji. Tulipofika kipande cha tano ukaanza kuburuta. Ukasimama. Akapuliza filimbi, milima ikairudisha. Kimya. Akapuliza tena. Kutoka chini, upande wa mashine ya kusaga, sauti ya mwanamke ikapanda, "Mzee, nilikuwa naangalia tu kama nimezima!"

Baadaye tulijua. Habari zilikuwa zimeenea kwamba mtandao umekuwa mwepesi ajabu, na kila mmoja, mmoja baada ya mwingine, alifungua simu kidogo tu aone kama ni kweli. Wengi walithibitisha kwamba si kweli. Mzee Senkondo alishuka mwenyewe nyumba kwa nyumba na fimbo yake, tukamsikia akigomba umbali wote ule, na mstari ukaanza tena kutembea.

Wakati huo tulibaki wawili. Nilikuwa nimefungua upande mmoja ile video yangu. Nilitaka kuiona. Naftali aliponiona nataka kuibonyeza alinishika mkono.

"Usitazame."

"Ni mimi, kaka. Nina haki ya kujua."

Alikuwa akivunja vijiti na kuvitupa majini. "Wewe unaamka umesahau," akasema. "Kila mara unaamka unauliza kiatu changu kiko wapi. Mimi sisahau, Eli. Mimi ndiye ninayeona."

Niliuondoa mkono wangu kwenye kompyuta.

"Hili likifika, na daktari akajua dawa, utaondoka," akasema.

"Labda."

"Si labda. Ninakujua." Akageuka akautazama mstari wa kijani. Kipande cha saba kilikuwa kikienda. Mkono wake ulikuwa karibu na waya wa betri, na sitasema uongo, niliuangalia mkono ule. Aliunyoosha, akaukaza waya pale ulipokuwa umelegea. "Basi tazama kama unataka. Lakini nitazame na mimi, nisiwe nimeiona peke yangu."

Tuliitazama pamoja. Ni fupi. Nilijiona nimeshika kiatu, kisha mikono ikaruka, kisha nikaenda chini. Nilimwona Naftali akiingia mbio, akipiga magoti, akinigeuza, na midomo yake ikisema kitu kilekile tena na tena. Video haikuwa na sauti. Sikumuuliza alikuwa akisema nini.

Kipande cha mwisho kilifika asilimia tisini na tisa, kikakaa hapo. Mzee Senkondo alikuwa amerudi, anahema. Tulikaa watatu tukiitazama hiyo moja iliyobaki. Ndipo simu ikaita, Nakundwa. "Vyote vimefika. Vinafunguka. Funga mtambo, kaka Eli, ukale." Mzee akapuliza filimbi ndefu ya kumaliza zamu, na mara, kutoka chini huko, tukaanza kusikia simu zikilia milio ya ujumbe, moja, mbili, kisha kijiji kizima, kama vyura baada ya mvua.

Matokeo yalikuja barabara ilipofunguliwa. Tulikaa tena kwenye benchi la Same, mimi na Naftali na Mama. Ni kifafa, na sasa aina yake ilijulikana. Vidonge nilivyokuwa nikimeza havikufaa aina ile, ndiyo sababu ya mikono kuruka. Hakuna aliyekosea, hakuna ambaye angejua bila kuona. Daktari alinibadilishia dawa, akanipa masharti: usiku nilale, nisipande miti, nisiogelee, nisipikie peke yangu moto wa wazi, nisiruke dozi hata moja. Nikamuuliza kuhusu kusafiri. Akasema naweza, ila popote nitakapolala lazima mwenye nyumba ajue na aelezwe la kufanya. Mama akauliza kama lazima kweli. Akajibu kwamba kuficha kumewaumiza wengi kuliko kuanguka.

Dawa mpya zilichukua muda. Nilianguka mara moja nyingine kipupwe, si vibaya. Kisha tangawizi ikavunwa, vidonge vikajazwa upya, vuli ikaja na kupita, na sikuanguka. Nywele ziliota. Unene ulipungua. Majina ya watu yakarudi. Kwa wewe unayesoma haya ukiwa bado kwenye benchi, nakuambia kwamba siku nzuri haikuja ikapiga hodi. Nilitambua tu asubuhi moja kwamba nimekunywa chai yote na hakuna iliyomwagika mezani.

Siku chache baada ya mahindi mapya kuoteshwa, nilimkuta Naftali ameweka begi la kijani kwenye kiti changu. Alikuwa amelishona mkanda uliokatika. Ndani aliweka dawa, na kipande cha kanga ya Mama cha kukunja chini ya kichwa. Asubuhi iliyofuata niliondoka bila kujua naenda wapi. Nilifika Same, nikaona gari la Mwanga, nikapanda. Mwanga nikasikia watu wanasema wanapanda Ugweno, mahali nisipowahi kufika, nikaenda nao. Nilishuka Shighatini jua likiwa bado juu, baridi, migomba pande zote, watu wanaongea lugha niliyoshika nusu yake tu.

Pale kituoni kulikuwa na mama mmoja, Mama Penieli, anauza chai na maandazi, na nyuma ya nyumba yake ana vyumba vya kupangisha. Nilikunywa chai, nikaomba chumba. Alinionyesha cha mwisho, kule ng'ambo ya bustani, kizuri, kina dirisha la kuangalia bonde. Nikasimama mlangoni na begi mgongoni. Maneno niliyoyafanyia mazoezi garini yakapotea.

"Mama, kabla sijaingia," nikasema, "mimi nina kifafa. Natumia dawa, sijaanguka siku nyingi. Lakini nikianguka, usinishike kwa nguvu na usiniwekee kijiko mdomoni. Nigeuze ubavu tu, usubiri."

Alinitazama. Nikaliona lile benchi likianza kuwa pana.

"Nisubiri kwa muda gani?" akauliza.

Hilo lilikuwa swali ninaloweza kulijibu. Nikamwambia dakika mbili tatu, zitaonekana ndefu. Zikizidi tano, aite msaada.

Aliwaza, akaufunga mlango wa kile chumba. "Basi hiki sikupi, ni mbali," akasema. "Utakaa hiki cha karibu na jikoni. Ukuta wake ni wa mbao, nitakusikia." Akanitangulia akichagua ufunguo kwenye kamba, akaniuliza kama nakula maharage. Nikasema nakula, nikaingiza begi.